Tangazo la bei ya korosho: tuandike "tunatangaza", "tunasambaza" au "tunaeneza"?

Karani wa Ghalani (Tandahimba)

Habari za jioni ndugu zangu. Mimi ni karani wa chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima wa korosho, huku Tandahimba. Msimu unakaribia kufunguliwa, na mwaka huu uongozi umenikabidhi ubao wa matangazo pamoja na kundi la simu la wanachama. Kila mnada ukiisha mimi ndiye nitakayeandika bei ya juu, bei ya chini, makato, na siku ambayo fedha zinatarajiwa kuingia kwenye akaunti za wakulima. Karatasi inabandikwa ghalani, nakala inakwenda ofisi ya kijiji, na nyingine zinapelekwa vitongojini na vijana wa bodaboda.

Kikao chetu kimekwama kwenye sentensi ya kwanza. Mwenyekiti anataka tuanze hivi: "Chama kinatangaza bei ya mnada." Katibu amekataa. Anasema chama cha msingi hakina mamlaka ya kutangaza bei, kazi yake ni kuipeleka tu kwa watu, kwa hiyo tuandike "Chama kinasambaza bei ya mnada." Mjumbe mmoja, mama mtu mzima anayesomesha wajukuu kwa korosho, akasema kwake "kusambaza bei" kunaleta picha ya magunia yanayogawiwa nyumba kwa nyumba. Akapendekeza "kueneza". Hapo wazee wakaguna wote kwa pamoja, kwamba kinachoenezwa ni uvumi na maradhi. Kikao kikaahirishwa.

Mtu wa mbali anaweza kuona tunapoteza muda. Lakini huku bei ni jambo zito. Kabla ya mnada wa kwanza watu wa kangomba, yaani wanunuzi wa magendo, hupita majumbani, na hupita kwa mwenye shida: mwenye mgonjwa, mwenye mtoto aliyerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa sare. Wakisema "bei mwaka huu imeanguka", mtu anatoa korosho zake kwa bakuli, kwa fedha kidogo, kabla hata ghala halijafunguliwa. Kuna msimu kijijini kwetu maneno ya namna hiyo yalizunguka wakati mnada wenyewe haujafanyika, na waliouza wakaja kuiona bei halisi ubaoni wakiwa hawana tena hata kilo moja ya kupeleka. Nataka sentensi ambayo mkulima akiisoma ajue hii ni bei ya kweli, imetoka wapi na imetoka lini.

Na jambo la pili. Huku watu wengi husema "wakulima wametangazwa bei". Mimi sikio langu linataka "wametangaziwa". Ipi ni sahihi, na kwa nini? Naomba msaada kwa mifano ya sentensi, maana ndizo nitakazopeleka kikaoni.

Mwalimu Mstaafu (Nachingwea)

Karani, swali lako ni zuri na nimefurahi kwamba kuna kikao cha korosho kinachokaa kujadili sentensi. Nilifundisha Kiswahili sekondari, sasa nimestaafu na nina mikorosho yangu hapa Nachingwea, kwa hiyo ubao wa ghala naujua na vitenzi navijua.

Anza na tangaza. Imetokana na tangaa. Habari imetangaa, yaani imejulikana kwa watu wengi. Tunapopata tangaza, anaingia mtu anayeifanya ijulikane. Ndivyo ilivyo kwa enea na eneza, na kwa sambaa na sambaza. Vitenzi vyote vitatu vimejengwa kwa njia moja, na ndiyo maana kikao chenu kimevichanganya. Kwa umbo huwezi kuvitenganisha. Mimi huvitenganisha kwa kuuliza: habari hii ikigeuka kuwa si kweli, nani ataitwa aje kujibu?

Aliyetangaza ataitwa. Ana jina, ana cheo, na siku aliyotangaza inajulikana. Chukua mfano ambao kila mkulima wa kusini anaukumbuka: "Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kuwa serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo." Humo ndani yumo msemaji, umo mwezi, na imo bei. Au "Azimio la Arusha lilitangazwa tarehe 5 Februari 1967." Tume ya uchaguzi hutangaza matokeo. Jirani yangu hawezi kuyatangaza hata kama ana nakala za fomu zote mkononi. Akizituma kwenye simu za watu, amezisambaza.

Sambaza inataka kitu ambacho tayari kipo na kinahitaji kufika mahali pengi: nakala, barua, salfa, magunia, umeme. Kwa hiyo yule mama mjumbe hakukosea hata kidogo kuona magunia. Sentensi yake nzuri ni hii: "Vijana wa bodaboda wamesambaza nakala za tangazo vitongojini." Wao hawakutangaza chochote, wamebeba. Bei ikiwa na kosa, hatutawashika wao.

Eneza ina habari ndefu zaidi, na wazee wenu wameisema nusu tu. Ni kweli tunasema mbu hueneza malaria na fulani ameeneza uvumi. Lakini pia tunaeneza elimu, tunaeneza dini, na Kiswahili chenyewe kimeenezwa na wafanyabiashara, walimu na askari. Ubaya haumo ndani ya kitenzi. Kinachokosekana humo ni mwanzo unaoweza kuunyooshea kidole. Kitu kinachoenezwa hupokelewa na mtu, naye akakipitisha kwa mwingine kwa nguvu zake mwenyewe, mpaka chanzo kinapotea. Kwa bei ya korosho hilo ndilo tunaloliogopa. "Wanunuzi wa kangomba walieneza habari kuwa bei imeanguka" ni sentensi iliyokaa mahali pake kabisa, na "Chama kimeeneza bei" inawaweka ninyi kwenye benchi moja na hao wa kangomba.

Sisi watu wa kusini tuna mfano mkubwa kuliko huu. Mwaka 1904 na 1905, kabla ya Vita vya Maji Maji, habari za dawa ya maji ya mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe zilipita Umatumbi kwa njia ambayo wazee waliiita njwiywila. Mtu alimnong'oneza mwenzake, huyo akamnong'oneza mwingine, na Wajerumani wakabaki hawajui. Jaribu kuandika "Kinjikitile alitangaza dawa yake kwa njwiywila" uone sentensi inavyojikataa yenyewe. Habari ile ilienezwa. Ingetangazwa, ingekufa siku hiyohiyo.

Sasa mzozo wa mwenyekiti na katibu. Katibu anaogopa kwamba ukisema chama kinatangaza bei, umesema chama ndicho kilichoipanga. Hofu hiyo naielewa, kwa sababu mkulima akikasirika na bei huja kwenu kwanza. Lakini kutangaza bei si kupanga bei. Bei inapatikana mnadani: wanunuzi wanaweka zabuni, siku hizi kupitia mfumo wa Soko la Bidhaa, na wakulima waliohudhuria wanaikubali au wanaikataa. Chama kikuu, yaani muungano wa vyama vya msingi, kikishaitangaza pale, ninyi mnawatangazia wanachama wenu. Ni matangazo mawili ya kitu kimoja, kila moja na mwenyewe wa kulijibu. Andikeni basi:

"Chama kinawatangazia wanachama wake bei iliyopatikana katika mnada wa Ijumaa."

Maneno "iliyopatikana katika mnada" yanamtuliza katibu. "Kinawatangazia" inampa mwenyekiti haki yake.

Na hapo nimeshaingia kwenye swali lako la pili. Sikio lako liko sawa. Kinachotangazwa ni bei. Watu hutangaziwa. "Bei imetangazwa", "wakulima wametangaziwa bei". Ukiandika "wakulima wametangazwa", basi wao wenyewe ndio waliotajwa hadharani, na sentensi hiyo ina mahali pake: "Wakulima bora wametangazwa kwenye maonesho ya Nanenane, viwanja vya Ngongo." Hapo ni sahihi. Ghalani kwenu haifai.

Msomaji wa Matangazo (Mikindani)

Shikamoo mwalimu. Nimekusoma mpaka mwisho. Mimi nasoma matangazo redioni hapa Mtwara, ya vifo, ya watoto waliopotea, ya vitambulisho vilivyookotwa, ya mikutano ya shule. Kwa hiyo kitenzi hiki nakitamka kila siku ya kazi, na nina machache ya kuongeza ambayo yanatokana na kusoma na kusikilizwa.

La kwanza, karani, mtaje anayetangaza, na mtaje mwanzoni. Matangazo mengi yanayoletwa kwangu yanaanza "Inatangazwa kwamba..." Inatangazwa na nani? Msikilizaji yuko jikoni au juu ya pikipiki, akishapitwa na jina la mwisho la karatasi, hajui amwamini nani. Hata matanga tunafanya hivyo: "Familia ya marehemu inasikitika kuwatangazia ndugu, jamaa na marafiki..." Familia imetangulia. Kitenzi kikija kinamkuta mwenyewe ameshasimama.

La pili ni kuhusu "tunatangaza kwa wananchi". Naletewa sana hiyo. Mimi huisoma "tunawatangazia wananchi", maana Kiswahili kimetupa kiambishi cha kumfikia mtu moja kwa moja, na mtu anayetangaziwa anasikia kwamba anaitwa yeye. "Tunatangaza kwa wananchi" inaeleweka, lakini ukiisikia redioni inamwacha msikilizaji nje ya mlango.

Kuna jambo ambalo mwalimu ameligusa na mimi naliona kila mwaka. Usiku wa kusubiri sikukuu, simu zinaanza mapema: mwezi umeonekana Kilwa, mwezi umeonekana Lindi, mtu ametumiwa na shemeji yake. Habari inasambaa, watu wanaanza kuulizana kama wapike futari ya kesho au la. Lakini Idi haijatangazwa mpaka Mufti aitangaze. Kuonekana kwa mwezi ni habari, na kutangazwa kwa sikukuu ni jambo jingine. Bei ya korosho iko vivyo hivyo. Mtu anaweza kuwa mnadani na kuiona kwenye skrini, akampigia ndugu yake. Hakufanya kosa, amempa habari. Ila bado haijatangazwa.

Tena kutangaza kunafungua mlango wa pingamizi, na nadhani hilo ndilo linalokipa kitenzi hiki heshima yake. Ndoa hutangazwa kanisani ili mwenye neno aje aseme. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inataka notisi ya siku 21 kwa sababu hiyohiyo. Ukitangaza bei na makato, umemwambia mkulima kwamba njoo uulize. Kwa hiyo chini ya tangazo lako weka mahali pa kuulizia na saa za ofisi. Usipoweka, watamuuliza mtu wa kangomba, naye anapatikana saa zote.

Na kama uvumi umeshatoka, msijibu kwa "kutangaza" tena. Kuna kitenzi cha kazi hiyo, kukanusha. "Chama kinakanusha habari zilizoenezwa kuwa mnada umeahirishwa. Mnada utafanyika Ijumaa kama ulivyotangazwa." Katika sentensi mbili hizo kila kitenzi kinafanya kazi yake.

Mmatumbi (Kipatimu, Kilwa)

Mwalimu wa Nachingwea, nakushukuru kwa kuitaja njwiywila. Kwetu jambo hilo si la kitabuni. Ila naomba uniruhusu niimalizie, kwa sababu umesimama katikati, na iliyobaki ndiyo inayomfaa karani.

Umesema habari ya maji ilienezwa, haikutangazwa. Sawa. Ilipita kwa kunong'ona, mwenye siri akichagua wa kumwambia. Lakini Julai 1905 kule Nandete watu waliingia kwenye shamba la pamba mchana na kuing'oa. Pamba ile ndiyo waliyokuwa wakilazimishwa kuilima. Kila aliyeona miche ile ardhini alijua maana yake. Vita vilikuwa vimetangazwa, na havikutangazwa kwa maneno. Kwa hiyo jambo moja lilienezwa miezi kadhaa kwa siri, kisha likatangazwa siku moja hadharani, na waliotangaza walijua kwamba watatafutwa kwa majina. Nakubaliana nawe kwamba anayetangaza ndiye anayejibu. Wao walijibu kwa roho zao.

Nisichokubaliana nacho ni hili la kwamba habari inayoenezwa haina chanzo cha kunyooshea kidole. Ile ilikuwa na chanzo, na kila aliyenong'onezwa alijua imetoka kwa nani. Walichoficha ni kwa adui tu. Nadhani ungesema kwamba kueneza hakumlazimishi mtu kutaja chanzo, na kutangaza kunamlazimisha. Ni tofauti ndogo lakini mimi naiona kubwa, kwa sababu inawapa haki wale waliobeba neno lile.

Karani, tena usisahau mbiu. Wazee wetu walisema la mgambo likilia lina jambo. Pembe ikilia hujaambiwa bado habari yenyewe, umeambiwa uje. Nilipokuwa mdogo kijijini kwetu kulikuwa na rimu ya gari imetundikwa mwembeni, mtendaji akiigonga watu wanaacha majembe wanakuja, kisha tangazo linasomwa mbele ya wote. Kila mtu alikuwa amesikia maneno yaleyale kwa sauti ileile, na hakuna aliyeweza kwenda kwake akasema bei nyingine. Karatasi ya ubaoni haina nguvu hiyo. Kama mna kengele, gongeni, na tangazo lisomwe.

Mwalimu Mstaafu (Nachingwea)

Mmatumbi, ahsante. Nimekuelewa na naipokea sahihisho yako. "Hakumlazimishi mtu kutaja chanzo" ni maneno bora kuliko yangu, na hilo la pamba ya Nandete ningelipata zamani ningekuwa nalifundishia.

Karani wa Ghalani (Tandahimba)

Ndugu zangu nimekaa na majibu yenu jana usiku na leo nimeandika rasimu. Naiweka hapa, naomba mnichambulie kabla sijaipeleka kikaoni.

"Chama cha Msingi kinawatangazia wanachama wake bei za korosho ghafi zilizopatikana katika mnada wa Ijumaa. Bei ya juu ni shilingi ____ kwa kilo. Bei ya chini ni shilingi ____ kwa kilo. Bei hizi zilitangazwa mnadani na chama kikuu mbele ya wakulima waliohudhuria, na wakulima walizikubali. Orodha ya makato imebandikwa ghalani. Mwenye swali aonane na karani ofisini kabla ya saa kumi jioni."

Hilo ni la baada ya mnada. Kabla ya mnada wa kwanza nataka karatasi nyingine ikae ubaoni wiki nzima, kwa ajili ya wale wanaopitapita majumbani. Nimeandika hivi: "Bei ya korosho haikutangazwa. Bei yoyote mtakayoisikia kabla ya mnada si ya chama."

Na kwenye kundi la simu nimeongeza mstari wa mwisho, "Sambaza ujumbe huu kwa wanachama wengine." Katibu atafurahi kuona kitenzi chake kimepata nafasi. Je, hapo ni sawa?

Msomaji wa Matangazo (Mikindani)

Tangazo la kwanza lisome kwa sauti, linasomeka vizuri, na mtu anajua nani anasema. La pili badilisha neno moja. "Haikutangazwa" inasema siku ya kutangaza ilipita na hakuna kilichosemwa, mkulima atadhani kuna jambo limefichwa au mnada umeshindikana. Andika "haijatangazwa". Hiyo inamwambia bado, na kwamba itakuja, asubiri. Kisha mpe tarehe ya kusubiria: "Bei ya korosho haijatangazwa. Itatangazwa baada ya mnada wa kwanza, tarehe fulani." Mtu mwenye mgonjwa ndani, ukimwambia bado bila kumwambia lini, hawezi kusubiri. Ukimpa siku, anaweza kwenda kukopa kwa jirani mpaka siku hiyo badala ya kutoa gunia kwa bakuli.

Mwalimu Mstaafu (Nachingwea)

Dada wa Mikindani amenitangulia, nilikuwa nakuja na hilohilo la -ja- na -ku-. Sina la kuongeza hapo.

Kwenye kundi la simu, "sambaza" ni sahihi kabisa, kwa kuwa unaomba ujumbe uliokwisha kuandikwa ufikishwe mbali. Angalia tu kwamba ujumbe ukishatoka kwenye kundi unakwenda bila ninyi. Mtu atakata mstari wa juu, ataacha bei peke yake, na ikifika kijiji cha tatu imeshageuka kuwa habari iliyoenezwa. Kwa hiyo jina la chama, tarehe ya mnada na bei viwe ndani ya sentensi moja, visitengane: "Bei ya juu iliyotangazwa katika mnada wa tarehe fulani kwa wanachama wa chama fulani ni shilingi kadhaa." Ni ndefu na haipendezi, najua. Lakini atakayetaka kuing'oa bei humo itabidi aandike upya, na wengi ni wavivu.

Tena usiandike "chapisha" kwenye simu, kama nilivyoona chama kimoja kikifanya, "tumechapisha bei kwenye kundi". Chapisha ibaki na karatasi na chapa, vitabu na magazeti. Kuna mambo wachapaji wa Ndanda wameyachapisha na tunayo majumbani. Siku hizi watu wanaitumia pia kwa ya mitandaoni na sitagombana nao, ila mkulima wa miaka sabini ukimwambia bei imechapishwa atakuuliza gazeti gani.

Mama Mikorosho (Newala)

Nimefuatilia tangu mwanzo na ninawashukuru. Mimi ni mkulima tu, nina mashamba mawili Newala, na ninasimama mbele ya ubao kama huo kila msimu. Mwanangu karani, maneno yako ni mazuri sasa, lakini bado hujanitangazia ninachotafuta.

Unatangaza bei ya juu na bei ya chini. Kisha unasema makato yamebandikwa pembeni. Mimi nasoma bei ya juu, nafurahi, narudi nyumbani naanza kupanga mabati. Fedha zikiingia benki ni pungufu, naanza kusema nimeibiwa. Wengine wanakwenda mbali zaidi, wanaeneza kwamba chama kimekula. Uvumi huo hauletwi na kangomba. Unatoka kwetu sisi, kwa sababu tulitangaziwa bei ambayo hakuna hata mmoja wetu atakayeipokea.

Tangu stakabadhi ghalani, huu mfumo wa kuweka korosho ghalani na kuziuza kwa mnada, ianze kwenye korosho msimu wa 2007/08, nimesoma matangazo mengi, na ninachotaka kuona ni shilingi ngapi zitaingia mkononi kwa kilo moja baada ya kila kitu kutoka. Iandike kwa namba kubwa. Hayo ya juu na ya chini yaandike pia, lakini yawe madogo.

Karani wa Ghalani (Tandahimba)

Mama, shikamoo. Nimekuelewa. Kikao ni kesho baada ya swala ya alasiri, nitapeleka hivi: mstari wa kwanza, kwa kalamu nene, "Chama kinawatangazia wanachama wake kwamba kilo moja ya korosho daraja la kwanza italipwa shilingi ____ baada ya makato." Bei za mnada zitafuata chini yake, kisha makato moja moja na kiasi chake. Kengele tunayo, ya shule ya msingi, nitamwomba mwalimu mkuu tuitumie siku za matangazo.

Ila hapo kuna jambo la kuamua kabla ya kengele. Malipo ya kila mkulima yanafuata bei ambayo mzigo wake umeuzwa, na mizigo ya ghala moja inaweza kwenda kwa wanunuzi wawili kwa bei mbili. Mwenye uzoefu anisaidie: niandike mistari miwili kwa namba za mizigo, au niwaite watu kwa kitongoji niwatangazie kila kundi lake?

Mama Mikorosho (Newala)

Marahaba. Andika mistari miwili. Ukituita kwa makundi, kundi la kwanza likitoka nje litakutana na la pili mlangoni, na wewe utakuwa bado umekaa ndani na karatasi yako.